Nepi Sita Mezani

Mimi napima mikojo. Naanza na hilo ili asitokee mtu baadaye akasema sikumwambia. Nimesoma miaka minne baada ya sekondari, nina vyeti viwili vyenye mihuri, na kila siku ya kazi navaa glavu, naketi mbele ya trei na kusoma vibandiko kwenye chupa za mikojo ya watoto wa watu. Mama yangu akiulizwa na majirani binti yake anafanya nini hospitalini, hujibu kwamba niko upande wa mashine. Hasemi uongo. Mashine ipo.

Ipo katika chumba chake peke yake, na ndicho kiumbe pekee hospitalini chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa nzima. Mkuu wa maabara akipata wageni huwaleta kwanza hapo, anaipigapiga mgongoni kama aliyeizaa, na sisi tunaoilisha mikojo tunaombwa tusogee kidogo picha ipigwe. Kazi yake ukiieleza haraka ni hii. Mkojo ukishaandaliwa, mashine inaupasha moto mpaka uwe mvuke, inausukuma kwenye mrija mwembamba kama uzi, wa mita thelathini, na vilivyomo vinatoka upande wa pili kimoja kimoja. Kila kinachotoka kinavunjwa vipande na vipande vinapimwa uzito. Kila kitu kina namna yake ya kuvunjika, kwa hiyo ukiviona vipande unajua kilikuwa nini. Mtoto akizaliwa na mwili usioweza kumalizia kazi fulani ya chakula, kitu fulani kitajazana kwenye mkojo wake, na mashine itakitaja. Haijui huyu ni mtoto wa nani wala nani atakasirika.

Wifi yangu, mke wa kaka, alipojifungua, Mama alihamia kwao kwa wiki mbili, kumsaidia mkaza mwana wake. Wiki mbili hizo zilikuwa zimefika mwezi wa nne. Msaada wenyewe ulikuwa kukaa kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka, kwa sababu kiuno chake kilikuwa kimekakamaa miaka mingi na kuinama hawezi, na kutoka kwenye kiti hicho kuona mambo. Mama ana kipaji cha kuona mambo. Aliona chai ina maji mengi, aliona mtoto anabebwa upande mmoja, aliona uzi ulioanguka chini ya cherehani ya wifi, maana wifi ni fundi wa nguo na cherehani yake iko pale pale sebuleni. Halafu akaona nepi.

Jumamosi moja nikaitwa. Nilipofika, saa nne asubuhi, nilikuta nepi sita za kitambaa zimepangwa mezani kwa mstari, kati ya chupa ya chai na vikombe. Zote zilikuwa safi, zimefuliwa, zimekauka, na zote zilikuwa na doa katikati, doa la rangi ya kahawia iliyokolea mpaka kuwa nyeusi, kama la mtu aliyekalia makaa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Wewe ni mtu wa hospitali, utaelewa."

Kaka yangu alikuwa kwenye kochi, ameshika simu. Kaka ni mwalimu, anafundisha watoto arobaini kwa sauti inayosikika barabarani, ila akiwa chumba kimoja na Mama hubaki na macho tu. Simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

"Hizi zilikuwa nyeupe," Mama alianza. "Mimi mwenyewe nilizileta. Mwanzo nilidhani mwenzetu hajui kufua."

"Mama, mimi kazi yangu ni vitambaa," wifi alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Kushona siyo kufua. Basi, nikasema nimwache, atajifunza. Miezi minne. Nepi zinazidi kuwa nyeusi." Akaisukuma moja kwa ncha ya kidole. "Sasa mimi ni mtu mzima, nitasema. Hawa wanangu niliwalea kwa mikono yangu, na nepi zao zilikuwa nyeupe kama karatasi. Kwetu hatukojoi mkaa. Ndiyo najiuliza, hiki kitu kimetoka wapi." Akanywa chai kidogo. "Au kimetoka kwa nani."

Kaka akaibonyeza simu yake iliyozimwa. Wifi aliweka mtoto kwenye mapaja yangu, akaja mezani, akazikunja nepi sita moja moja, pindo kwa pindo, kama anazipeleka kwa mteja. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, njoo jikoni mara moja."

Jikoni, kwenye ukingo wa dirisha, alikuwa amepanga vikombe vitatu vya plastiki, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye tarehe na saa. Ndani yake mlikuwa na mkojo wa mtoto, ambao aliukinga kwa kifuko alichoomba kwa nesi. Wa asubuhi ile ulikuwa na rangi ya maji ya limau. Wa jana ulikuwa kama chai ya rangi. Wa tatu ulikuwa mweusi.

"Huu wa tatu nao ni wa leo," alisema. "Niliutia sabuni kidogo. Tazama."

Akachukua kile cha asubuhi, akatumbukiza kipande cha sabuni ya kufulia, akakizungusha. Kabla hatujamaliza kupumua, rangi ilianza kukolea pembeni mwa sabuni, ikashuka chini.

"Niliwaambia kituo cha afya. Daktari akasema nibadilishe sabuni. Nimebadilisha sabuni nne." Aliosha mikono polepole. "Wewe si ndiyo kazi yako? Pima. Nikionekana nina kosa, sawa. Ila kosa langu lipimwe na mashine, lisipimwe na Mama."

Nakiri kwamba miaka tisa kazini sijawahi kupokea sampuli iliyoandaliwa vizuri namna ile, hata kutoka kwa madaktari wenye digrii tatu.

Jumatatu nikaenda na kichupa kipya ndani ya boksi la barafu. Mkuu wa maabara alikitazama kama nimemletea nyoka.

"Ndugu?"

"Mtoto wa kaka."

"Ndugu hawapimwi kienyeji. Fomu ya daktari, muhuri wa ofisi."

Daktari wa watoto alijaza fomu kwa dakika mbili, tena kwa furaha, maana wifi alikuwa amemwandikia maelezo ya vikombe vitatu kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Muhuri ulichukua siku tatu. Mwenye muhuri alikuwa kwenye semina ya kupunguza muda wa wagonjwa kusubiri.

Alhamisi nikaukausha mkojo ule kwa naitrojeni, nikauongezea dawa ya kuufanya uwe mvuke kwa urahisi, nikaitegea mashine, nikakaa. Mistari ilianza kuchorwa kwenye skrini, vilele vidogo vidogo vya kawaida, kama vya mtoto yeyote anayenyonya. Halafu, pale ambapo kwa watoto wengine pamelala tambarare, kikapanda kilele kimoja kirefu kuliko vyote, kikaenda mpaka juu. Nikafungua orodha ya vipande vyake. Nikalinganisha na kumbukumbu za mashine. Asidi ya homojentisiki.

Kitu hicho nilikisoma kitabuni nikiwa chuoni, ukurasa mmoja, na mwalimu akatuambia tusijisumbue nacho sana kwa sababu hatutakiona. Ugonjwa unaitwa alkaptonuria. Mwili unakosa kimeng'enya kimoja cha kumalizia kuvunja sehemu ya protini, kitu kinabaki njiani, kinatoka na mkojo, na mkojo ukikaa hewani au ukikutana na sabuni unakuwa mweusi. Nikaosha kila kitu, nikarudia upya kutoka mwanzo. Kilele kikarudi. Nikagundua nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Jioni nikawakalisha wote. Nikaeleza kwamba mtoto hayuko hatarini, anakua vizuri, shida hujitokeza ukubwani, kwenye mgongo na viungo, na kwamba kujua mapema ni bahati. Nikaeleza kwamba ni wa kurithi. Na kwamba ili mtoto aupate, lazima aurithi kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Upande mmoja hautoshi.

Wifi aliuliza, "Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Akamtazama kaka. Kaka, Mungu ambariki, akaiweka simu chini.

"Mashine imekosea," Mama alisema.

"Nimerudia, Mama."

"Basi imekosea mara mbili. Kwetu hakuna kitu hicho."

Nikamweleza kwamba aliyebeba upande mmoja tu haonyeshi dalili yoyote. Kaka alikuwa amebeba, na mkojo wake ungetoka safi kabisa. Hapo Mama alipata nguvu. Kitu kisichoonekana, alisema, ni rahisi sana kumsingizia mtu. Yeye angeleta wake, upimwe, uonekane ulivyo, ili yaishe. Hakuna aliyemwomba. Mimi hata sikuwa nimemfikiria. Nilidhani ni hasira tu.

Jumatatu akaja hospitalini amevaa gauni la kanisani, mkoba mkononi. Ndani ya mkoba mfuko, ndani ya mfuko gazeti, ndani ya gazeti chupa. Alikuwa ameijaza asubuhi ile ile kabla tu ya kutoka nyumbani, akaja moja kwa moja. Mpango wake, kama alivyokuja kuniambia mwenyewe baadaye, ulikuwa kuniwekea mkononi kitu angavu kama maji ya kisima, mbele ya watu, halafu aondoke.

Hakuwa amewahesabu watu wa mapokezi. Mapokezi walimwambia achukue namba. Alipofikiwa akaambiwa dirisha lake ni la pili. La pili wakamwambia karani amekwenda kunywa chai. Yeye na heshima zake aligoma kusema kwamba ni mama wa mfanyakazi, hasa wa mfanyakazi wa mikojo. Akakaa kwenye benchi la chuma kwa muda wa saa nne na nusu, mkoba mapajani, dirishani jua likimchapa upande mmoja. Nilipopita pale adhuhuri kwa shughuli zangu nikamkuta.

"Mama? Umekuja lini?"

"Sasa hivi," alisema, na kuinuka kwake kulichukua muda. Akafungua mkoba, mfuko, gazeti. Sote wawili tukaitazama chupa. Mkojo uliokuwa juu, karibu na kifuniko, ulikuwa wa rangi ya kahawa. Chini ulikuwa bado chai.

"Ni hili jua," Mama alisema.

Nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa amesimama ubavu kwangu, kwenye ule mwanga wa dirisha, na nikaona sikio lake. Lile gegedu la ndani ya sikio lilikuwa na rangi ya bluu ya kijivu, kama kidole kilichobanwa na mlango. Nikaona kwenye weupe wa jicho lake lile doa la kahawia ambalo nimeliona maisha yangu yote na kuliita jicho la Mama. Nikakumbuka kiuno, magoti, vidonge vya uzee alivyoanza kuandikiwa akiwa hata hajafika hamsini. Ukurasa ule mmoja wa kitabu ulikuwa na picha mbili. Sikio na jicho. Niliufanyia mtihani nikapata alama zote, nikarudi nyumbani likizo, nikakaa meza moja na sikio lile nikala.

"Lete, Mama," nilisema. "Nitaipima."

"Usiipime. Imeharibika."

"Nitaipima tu."

Aliniachia chupa bila kubishana, na hilo lilinitisha kuliko rangi. Safari hii sikungoja muhuri. Mashine ilipomaliza, kilele cha Mama kiligonga juu ya skrini na kukatika, ikabidi niuchanganye mkojo na maji mara kumi yake ndipo kikatosha. Alikuwa na ugonjwa wenyewe, kamili, kutoka kwa wazazi wake wote wawili. Maana yake kila mtoto aliyemzaa amebeba upande mmoja, kaka na mimi pia. Huo ukoo wetu usiokojoa mkaa ulikuwa umekaa kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka ukimnyooshea kidole fundi wa nguo.

Nilikwenda kwa kaka siku hiyo nimejiandaa kwa hotuba. Nilikuwa na mambo mazuri ya kusema, mengine nilikuwa nimeyakariri njiani. Sikuyasema. Wifi alikuwa uani anafua, beseni mbili, na Mama alikuwa amebebewa kiti chake mpaka mlango wa uani. Alinitazama usoni mara moja tu, akajua. Akamgeukia wifi.

"Usianze na sabuni," alisema.

Wifi akainua kichwa.

"Anza na maji matupu. Suuza mara tatu, nne, mpaka uone maji yametoka kama yalivyoingia. Kisha kamulia limau kwenye maji, loweka kidogo. Sabuni iwe ya mwisho. Ukifanya hivyo halikai doa."

Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye beseni. Wifi alikung'uta mikono yake.

"Mama, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua kufua," Mama alisema. "Hayo mengine sikuyajua. Nilidhani ni mimi peke yangu, nimelaaniwa au nimeoza ndani."

Akaeleza, akiutazama ukuta. Alipoolewa, wiki ya kwanza, mama mkwe wake aliona shuka lenye doa jeusi, akaita shangazi wawili waje walione. Hakuna aliyesema neno baya. Walilitazama tu, wakamtazama yeye, wakalikunja. Tangu siku hiyo nguo zake za ndani alizishona mwenyewe kwa kitambaa cheusi, alizifua mwenyewe kabla watu hawajaamka, na alipotuzaa sisi alikaa miezi akizichungulia nepi zetu. Zilikuwa nyeupe. Alidhani yameisha. Halafu akaja kumsaidia mkaza mwana, akaona kamba ya nguo.

"Nilipoona, nikasema nikinyamaza watatafuta, na wakitafuta watanifikia," alisema. "Kwa hiyo nikasema kwanza."

Nimewahi kusikia watu wakiomba msamaha kwa maneno mengi. Mama hakuomba. Mama haombi, hajajaliwa kipaji hicho. Alieleza kuhusu limau mara ya pili, na kwamba lililokauka halifai.

"Nimekusikia, Mama," wifi alisema. Akamwaga beseni la sabuni, akajaza maji matupu, akaanza upya. Na msidhani kwamba hapo walikumbatiana. Siku mbili baadaye alimwambia kaka kwamba Mama amechoka, apelekwe nyumbani kwake akapumzike, na kwamba safari hii atakayesema ni yeye kaka. Kaka akasema. Alisema kwa sentensi moja, akiwa amesimama, na jasho likamtoka, ila alisema. Mama akapanga nguo zake. Sijui kama alishangaa.

Mambo ya hospitali yaliendelea kama yanavyoendelea. Mkuu wa maabara alisoma taarifa ya kisa hiki kwenye mkutano, jina lake likiwa la kwanza na langu la sita, nyuma ya mtu wa kompyuta. Kuna dawa inayopunguza ile asidi, haipo hapa, daktari wa watoto ameandika barua iletwe kwa ajili ya Mama, na mtoto atafikiriwa akikua. Barua iko kwenye ofisi ya muhuri. Wifi alimpigia simu mama yake mzazi kumuuliza kama kwao kuna mtu wa namna hii, akajibiwa kwa ukali kwamba kwao watu wote ni wazima na atazame huko alikoolewa. Alinisimulia akiwa na pini mdomoni, akicheka kwa pua.

Miezi miwili baadaye kliniki iliwaita Mama na mtoto siku moja. Walikaa benchi moja na wifi. Mwanzo kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mtoto alipoanza kulia wifi akampa bibi yake ampakate, na ile nafasi ikapungua. Wanafunzi saba wa udaktari wakaletwa kumwangalia Mama masikio. Aliwaambia waamkie kwanza. Wakaamkia, wote saba, ndipo akageuza kichwa.

Walipomaliza nilimsindikiza Mama mpaka nje kutafuta teksi. Alikuwa anatembea polepole, na mimi nikatembea hivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia mimi, mwanawe, mwenye kazi hii.

"Ningekuambia nini? Kwamba nakojoa vibaya?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akahamishia mkoba mkono wa pili. "Ulivyochagua kusomea mambo haya nilidhani umeshajua, unanisema."

"Sikujua kitu, Mama."

"Sasa najua hukujua," alisema. Teksi ikaja. Mama huingia garini kwa awamu: kwanza anakaa, halafu anageuka, halafu mguu mmoja. Nilimshikia mlango, nikauinua mguu wa pili kwa mikono miwili, naye akaniacha niuinue.